Kubandika majina yao ukutani hakutawaleta kituoni

Ndugu, umeuliza kama tawi letu la chama libandike majina ya wanachama wasiopiga kura ili waone aibu. Mimi nakataa. Uchaguzi mkuu wa 2010 waliojitokeza Tanzania nzima hawakufika hata asilimia 45 ya walioandikishwa, 2015 wakapita 60. Hakuna aliyewabandika ukutani, walivutwa.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri ukaongee na vijana wa dagaa. Giza la mwezi likiingia, ndipo dagaa wanapovuliwa, wanahamia visiwani, Ukerewe au Kome, huku jina la mtu liko kituo cha Igombe, na kura inapigwa ulikojiandikisha. Huyo naye utamwita msaliti? Mkumbushe mapema ahamishe taarifa zake daftari la wapiga kura linapoboreshwa.

Wavivu wapo, sikatai. Ila wengi tuliwapoteza wenyewe: walimchagua mtu wao kwenye kura za maoni za kuteua mgombea wa chama, likarudi jina la mwingine, wakiuliza tunawaambia wanyamaze. Hata mimi mwaka mmoja nililala nyumbani siku ya kura (msinitoe kwenye kundi!). Aliyenirudisha ni mzee wa tawi letu, alikuja jioni akakaa kibarazani, akaniuliza nimekasirikia nini. Hakuleta fulana wala kofia.