Fuvu hueleza mwendo

SWALI: Mhariri, likiokotwa fuvu tupu, wataalamu hujuaje kwamba mwenyewe alitembea wima? Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Ndugu msomaji, siri iko chini ya fuvu, kwenye tundu kubwa unamopita ugwe wa mgongo. Kwa binadamu limekaa karibu na katikati, hivyo kichwa hutua juu ya shingo kama mtungi juu ya kata, ilhali kwa kima punju wa Jozani, aendaye kwa miguu minne, limesogea nyuma. Kwa kigezo hicho Raymond Dart, mtaalamu wa anatomia, alitangaza mwaka 1925 kwamba mtoto wa kale ambaye fuvu lake lilipatikana Taung, Afrika Kusini, alitembea kwa miguu miwili; wanasayansi wengi walimpinga. Ushahidi mwingine wa mwendo huo wa kale, nyayo za Laetoli, Tanzania, zenye miaka milioni 3.6 hivi, zilifukuliwa baadaye, mwaka 1978.