Mwanangu, wazee wetu walikuwa na pesa

Mwanangu,

Sisi huku Tabora hatujambo, baba yako anakusalimu, mguu wake umepata nafuu. Swali lako nimelipata. Unasema kwenye mafunzo ya hiyo kampuni yenu ya mikopo ya simu, mkufunzi aliwaambia kwamba Mwafrika kabla ya mkoloni hakujua pesa, soko wala mkopo. Alibadilishana mbuzi kwa chumvi tu, na ninyi ndio mnaomfundisha sasa. Wenzako wakaandika kwenye madaftari. Wewe ukaniuliza: "Mama, ni kweli?"

Si kweli. Ila kuna kitu mkoloni alikileta, na mkufunzi wako hakukitaja. Nitakifikia. Nilifundisha historia hadi nikastaafu ndipo nikaingia kwenye biashara ya kanga, kwa hiyo ukiniuliza jambo la namna hii unajua mwenyewe kwamba barua itakuwa ndefu.

Ya pwani nayapita haraka, uliyasoma shuleni. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye majina yao upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, pande mbili zikipatana kwa vina. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, na sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana hadi Great Zimbabwe, huko dhahabu iliyopita bandari ya Sofala ilikotoka. Pemba, pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofichwa pamoja. Mtu asiyejua pesa hafukii pesa.

Lakini naona mkufunzi wako alikuwa na watu wa bara kichwani, sisi wa huku porini. Basi tuzungumze ya huku.

Hapa Unyanyembe, nchi ya watemi inayozunguka Tabora yetu, karne ya 19, pesa ilikuwa nguo. Usicheke. Kulikuwa na kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, ndiyo merikani. Kulikuwa na kaniki, iliyotiwa nili, kutoka India. Hizo zilipokelewa kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji. Zilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na mtumba mzima ulihesabiwa kwa jora. Kwa nguo ulinunua chakula cha msafara, ulilipa hongo kwa mtemi ili upite nchini kwake, ulimlipa mpagazi. Mimi hapa dukani bado nauza kwa doti, na mteja akiniambia "nikatie" naelewa anachotaka.

Na pesa hiyo ilipanda na kushuka thamani kama pesa yoyote. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, viwanda vyao vilikosa pamba, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikapata nafasi. Mtu wa huku ambaye hakuwahi kulisikia jina la Lincoln aliiona vita hiyo kwenye nguo aliyopewa.

Chenji ilikuwa shanga. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1857, aliandika kwamba zilikuwako aina zipatazo 400. Kila nchi ilikuwa na zake, na mitindo ilibadilika wakati msafara bado uko njiani, kwa hiyo mfanyabiashara aliyechagua vibaya Unguja alifika na mizigo isiyomnunulia hata kuku. Fikiria hasara hiyo: umelipa wapagazi miezi mitatu kubeba pesa iliyokufa.

Ninayempenda zaidi ni mtu wa soko la Ujiji. Cameron, msafiri mwingine Mwingereza, alimwona mwaka 1874. Pale soko lilitumia shanga zinazoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya mtemba uliovunjika. Asubuhi, soko likianza, watu fulani walisimama na mifuko yao wakawauzia wanunuzi sofi. Jioni, soko likivunjika, watu walewale wakazinunua tena kutoka kwa wauzaji. Wakapata faida asubuhi, wakapata faida jioni. Mwambie mkufunzi wako kwamba Ujiji ilikuwa na duka la kubadilisha fedha miaka zaidi ya kumi kabla Mjerumani hajakanyaga pale.

Sasa wapagazi. Wapo watu hadi leo wanaodhani pembe zote za ndovu zilifika pwani mabegani mwa watumwa wenye minyororo. Nyingi zilibebwa na Wanyamwezi huru, waliopatana ujira na posho kabla ya kuinua mzigo wa kilo 30 na zaidi. Wakiona wamedhulumiwa, waliweka mizigo chini. Msafara ulisimama palepale, na bwana msafara akabaki porini na utajiri usioweza kutembea wenyewe. Waliorudi na nguo zao waligeuza ujira kuwa ng'ombe au majembe ya chuma, maana jembe lilikuwa mali, hata mahari lililipa. Hawa ndio wafanyakazi wa mshahara wa kwanza wa nchi hii kwa maoni yangu, na hakuna aliyewalazimisha.

Mkopo ndio usiseme. Wewe unajua ninavyopata kanga zangu. Tajiri wa Kariakoo ananipa mzigo mali kauli, namlipa nikishauza, na nikichelewa anajua nyumbani kwangu na anamjua anayenidhamini. Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alifanya biashara kwa njia hiyohiyo. Yule hakuwa mgeni kwetu: baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi hapa Tabora na akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip alichukua nguo, shanga na baruti kwa deni kutoka kwa matajiri wa Unguja, mkubwa wao akiwa Tharia Topan, Mhindi ambaye baadaye aliendesha pia forodha ya sultani. Pembe za kulipia deni zingeweza kuchukua miaka kurudi. Fedha ya kuanzia ilitoka Bombay na Kutch huko India, ikapita Unguja, ikapita hapa, ikaishia Manyema, mashariki ya Kongo, yote kwa hati na majina ya watu.

Riba ni haramu, kwa hiyo haikuandikwa. Ulipewa mzigo wa thamani fulani, deni likaandikwa kubwa kuliko mzigo, mambo yakaisha. Kwa wenye mashamba ya karafuu Unguja kulikuwa na ustadi zaidi. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha atalirudishiwa, kisha akabaki palepale akilipa kodi ya pango kama mpangaji. Ile kodi ndiyo riba, imevaa kanzu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mikarafuu ilianguka, madeni hayakuanguka.

Usije ukamwambia mkufunzi wako kwamba zamani kulikuwa peponi. Baruti niliyoitaja hapo juu haikuwa ya kuwindia tembo peke yake. Daftari lilelile lililoandika doti za nguo na frasila, yaani uzito, za pembe liliandika pia watu. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873 tu, na hapa Tabora mashamba ya matajiri yalilimwa na mateka baada ya hapo. Watemi wetu nao waliuza. Tulikuwa wazoefu wa soko kiasi hicho.

Basi mkoloni alileta nini? Alileta kodi.

Mpagazi wa 1870 asipopenda ujira alikaa kwake, akalima mtama wake, akala. Nguo nzuri alitaka, lakini aliweza kuikosa. Mwaka 1898 Wajerumani wakaanza kutoza kodi ya nyumba, kijijini rupia 3 kwa nyumba. Mwanzoni waliruhusu watu kulipa kwa mazao au kwa kazi, baadaye wakabana hadi ikawa fedha taslimu, tena fedha yao. Nguo yako haifai, shanga zako hazifai, ng'ombe wako lazima kwanza umpeleke kwa mtu mwenye rupia, na huyo mwenye rupia anajua una haraka. Rupia zilikuwa wapi? Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kwenye kahawa ya Usambara, kwenye ujenzi wa reli. Gavana hakuhitaji kumkamata kila mtu shingoni kumpeleka shambani. Alihitaji tarehe ya kodi.

Na kwa kuwa ilihesabiwa kwa nyumba, mwenye wake watatu alidaiwa nyumba tatu. Mambo ya ndani ya boma, nani analala wapi, yakageuka hesabu za serikali. Kwenye vilima vya Matumbi, kusini, watu walilazimishwa pia kulima pamba kwa malipo ya kejeli, na Julai 1905 wakaanza kuing'oa. Maji Maji ilianzia hapo, kwenye shina la pamba. Waingereza walipokuja walibadilisha lugha tu. Babu zako waliotoka huku kwenda mkongeni wakiitwa manamba, kwa sababu walihesabiwa kwa namba, walikwenda kutafuta fedha ya kodi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uishike. Pesa ilikuwako kabla ya Mjerumani, lakini uliweza kuikataa. Baada yake kukosa pesa kukawa kosa, na kosa hilo lina pingu.

Nikupe kisa kimoja cha hapa mjini maana najua unavipenda. Vita Kuu ya Kwanza ilipowazingira Wajerumani, meli zao zikazuiwa na fedha zikaisha. Mwaka 1916 waligeuza karakana ya reli hapa Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakapiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Maganda ya risasi wakayayeyusha yakawa heller, senti za rupia yao, za shaba nyeupe na nyekundu, zikiwa na herufi T chini, T ya Tabora. Nguvu yote ile ya dola, na sarafu zao zikawa ni maganda ya risasi yaliyopigwa mhuri na mafundi wa reli. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Sarafu za tembo leo zinauzwa kwa bei kubwa kwa wakusanyaji huko Ulaya.

Halafu angalia Kenya, uone mabadiliko ya fedha yanavyomwangukia aliye chini. Rupia ilikuwa ya shilingi 1 na peni 4 za Uingereza. Mwaka 1920 London iliifunga kwenye shilingi 2. Mlowezi aliyekuwa anadaiwa kwa rupia na kuuza mazao yake kwa fedha ya Uingereza akaona deni lake limenenepa kwa nusu yake usiku mmoja. Alifanya nini? Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mshahara wa wafanyakazi Waafrika kwa thuluthi moja. Harry Thuku, aliyekuwa mwendesha simu wa serikali, akaanzisha chama cha kulipinga hilo pamoja na kodi na kipande, cheti cha kazi ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Machi 1922 alikamatwa, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiwe ukamiminiwa risasi. Shilingi ya Afrika Mashariki, mama wa hii tunayoitumia, ilizaliwa katikati ya mambo hayo.

Sasa turudi kwenu. Sijasema kazi yako ni mbaya. Mama muuza vitumbua anayekopa asubuhi kununulia unga na kulipa jioni anajua anachofanya kuliko mkufunzi wako, na kama simu inamrahisishia, sawa. Ninachouliza ni kimoja, kwa sababu ulinionyesha mkataba wenu ulipokuja Idi. Mtu anaomba 50,000, kwenye simu yake inaingia pungufu, na anadaiwa 50,000 kamili na nyongeza juu. Mmeiita ada ya huduma. Tharia Topan angeielewa hiyo ada papo hapo. Ila yeye akidai alimfuata mdaiwa mwenyewe au mdhamini wake. Nasikia baadhi ya mikopo hii ya mitandaoni inawapelekea ujumbe wa aibu watu wote walio kwenye simu ya mdaiwa, mashemeji, mchungaji, bosi wake.

Niandikie na ninyi mnafanyaje mtu akichelewa siku tatu. Na hiyo ada, ukiihesabu kwa mwaka, inafika asilimia ngapi? Kokotoa mwenyewe kwa kalamu, usimwulize mkufunzi.

Mama yako