Jibu kwa kijana wa Kayole anayekwenda kupiga mbizi na jeshi

Kwa mnaoingia sasa: kijana wetu wa Kayole yuko jeshi la Uingereza mwaka wa pili. Kikosi kimemweka kwenye msafara wa siku kumi ng'ambo kujifunza kupiga mbizi, naye anauliza kama mtu aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka 21 ataaibika mbele ya wenzake. Tena anataka, akipata likizo, azamie Watamu kabla ya kupanda Nairobi.

Mdogo wangu, mimi ni wa Buruburu. Niliingia jeshi hilo hilo kwa mlango huo huo wa Jumuiya ya Madola, nikakaa miaka tisa. Msafara wangu ulikuwa Cyprus, upande wa Dhekelia, mojawapo ya kambi mbili ambazo Waingereza walibaki nazo kisiwa kilipopata uhuru 1960. Siku hizi nauza vipuri Kirinyaga Road, kwa hiyo sina cheo cha kulinda hapa.

Huko hutategua bomu wala kunyemelea meli ya adui usiku. Ni mafunzo ya kumtoa askari kambini akaonje hofu ya aina nyingine. Sisi tulifuata mtaala wa British Sub-Aqua Club, klabu ya kiraia iliyoanza 1953, ambayo cheti chake cha kwanza kinakufikisha mita 20. Weka akiba kidogo, kuna mchango utakaotoka mfukoni mwako.

Kuogelea kusikunyime usingizi. Tafuta bwawa, ogelea mita 200 polepole bila kusimama, kisha elea dakika kumi ukitazama dari. Ukiweza hayo bila kuhema, wewe uko sawa. Wenye misuli ndio waliotusumbua kule.

Kitu cha kwanza kilichoniaibisha mimi kilikuwa kidole gumba. Mkufunzi aliniuliza kwa ishara kama niko salama. Nikamwinulia dole, kama unavyomjibu konda ukiwa ng'ambo ya barabara. Chini ya maji dole maana yake ni "twende juu". Akanishika mkono, tukapanda taratibu hadi juu, akatoa kipumulio mdomoni na kuniuliza kuna nini. Hakuna kitu, afande. Basi jizoeze sasa hivi, hata ukiwa jikoni: "niko sawa" ni gumba na shahada vikutane kufanya duara.

Halafu kuna hewa. Kila mita 10 unazoshuka zinakuongezea uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu ya bahari, kwa hiyo mita 20 chini kila pumzi inakula mtungi mara tatu ya inavyokula juu. Tulipelekwa kwenye Zenobia, feri iliyozama nje ya Larnaca Juni 1980 katika safari yake ya kwanza, na malori zaidi ya mia moja tumboni. Imelala ubavu wa kushoto. Ubavu wa juu unaufikia kwenye mita 16 au 17, mchanga uko mita 42. Sisi wa mita 20 tulitambaa juu ya ubavu huo tu, ila maji ya kule ni meupe, ukichungulia ukingoni unaona malori yamerundikana gizani chini. Nilikumbuka foleni ya mizani Mlolongo, nikacheka ndani ya miwani, maji yakaingia.

Nilishuka na bar 200, yaani shinikizo la hewa mtungini. Dakika ya 17 geji ilisoma 90. Mwenzangu, dada mwembamba wa stoo ambaye hata push-up kumi zilimshinda, alikuwa na 140. Mimi nilikuwa napiga mateke kama niko kwenye mbio za asubuhi. Yeye alitulia tu, mikono kifuani, akitoa pumzi ndefu. Ikabidi atoke mapema kwa ajili yangu.

Sasa sikio, na hapa ndipo nataka usome polepole. Siku ya sita niliamka na mafua. Kila asubuhi tulikuwa tunaulizwa nani hayuko vizuri, nami nilinyamaza, maana jeshini tumefunzwa hivyo: unauma meno unaendelea. Kwenye mita nne nikabana pua nikapuliza ili kusawazisha shinikizo masikioni, sikio la kushoto likagoma. Ungepaswa kupanda kidogo, ujaribu tena, likikataa unatoka. Mimi nikalazimisha hadi mita sita. Nikasikia "tap", halafu baridi ikaingia kichwani kama mtu amenimiminia maji ya friji, na dunia ikaanza kuzunguka. Nilishika kamba ya boya hadi kizunguzungu kikaisha. Daktari alichungulia, akaniambia kiwambo kimepasuka, na kuzamia kwangu kukaishia hapo.

Siku zilizobaki nilipewa ubao na kalamu ya risasi nikae ufukweni: nani ameingia, saa ngapi, bar ngapi, anatarajiwa kutoka lini. Niliona ni adhabu. Siku ya nane wawili walichelewa. Dakika moja, mbili. Bahari shwari kabisa, na mimi nimekodolea macho mapovu ambayo siyaoni. Dakika ya nne msimamizi alishaanza kuvaa mtungi ndipo vichwa viwili vikaibuka mbali kushoto. Mmoja alibanwa na msuli wa mguu mapema, akaona aibu kusema, wakaogelea polepole hivyo hivyo. Yule msimamizi hakumfokea. Alikaa chini akavua mapezi, mikono inamtetemeka. Mzee wa miaka ishirini jeshini.

Kwa hiyo ukiulizwa asubuhi nani ana mafua, inua mkono. Ukiwa na pumu, andika kwenye fomu. Watakutania jioni, basi.

Kuhusu Watamu. Wengi hapa wamekushauri uzamie asubuhi, ukapande treni ya jioni Mombasa. Usifanye hivyo. Ukizamia, naitrojeni ya kwenye hewa unayopumua inayeyuka mwilini na inahitaji muda kutoka; ukienda mahali pa juu mapema, inageuka mapovu ndani yako. Ndiyo maana huruhusiwi kupanda ndege mara moja: shinikizo ndani ya ndege ni kama la mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700. Yaani ukitoka pwani kwenda Syokimau, stesheni ya Nairobi, umefanya karibu kile kile kinachokatazwa, ila kwa reli. Njia hiyo hiyo kwa basi la usiku ni mbaya vile vile, na ukipitia Limuru kwenda kumwona shangazi unaongeza mita nyingine mia tano.

Mimi huacha saa 24 kamili tangu nitoke majini mara ya mwisho. Kata tiketi ya kesho yake. Siku hiyo ya ziada kula pweza, lala kivulini, na kama kiungo kinauma au ngozi inawasha bila sababu, mwone daktari ukiwa bado pwani, umweleze umezamia kina gani na saa ngapi.

Papa uliyeuliza sikumwona. Nilimwona kasa mmoja, akanipita bila hata kunitazama.