Mchezaji "huchukua" hatua au "hupiga" hatua?

SWALI: Ninafundisha basketi sekondari hapa Moshi, na ninaandaa kanuni za kubandika ukutani. Nimeandika: "Mchezaji haruhusiwi kuchukua hatua zaidi ya mbili akishika mpira." Mwenzangu wa Arusha anasema sentensi hii ina kasoro. Iko wapi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi. Kasoro ya kwanza ni nyepesi. Kuchukua hatua ni kufanya jambo ili kurekebisha hali, kama vile uongozi unavyochukua hatua dhidi ya timu iliyogoma kucheza. Miguu hupiga hatua. Andika "kupiga".

Ya pili ndiyo inayozua ugomvi uwanjani, nayo imo ndani ya -ki-. "Akishika mpira" huweza kumaanisha wakati uleule anapoushika. Kanuni ya FIBA, shirikisho la kimataifa la basketi, inayotumika tangu 2017 inadai -kisha-: kwa mchezaji aliye mwendoni, hatua huhesabiwa akishaumiliki mpira. Mguu uliokuwa chini wakati anaukamata hauhesabiwi. Mtazame anayekwenda kufunga kwa leiapu, yaani kurusha karibu na kikapu akiwa mbioni, ya mkono wa kulia. Anamaliza kudundisha na kuukamata mpira mguu wa kushoto ukiwa sakafuni. Kisha kulia, moja; kushoto, mbili; anaruka na kurusha. Watazamaji wamehesabu tatu, wanapiga kelele "Katembea!", yaani kazidisha hatua, lakini refa hapulizi filimbi, na ndivyo inavyotakiwa. Ila kama ule mguu wa kushoto wa mwanzo ulitua mpira ukiwa umeshatulia mikononi, huo ndio hatua ya kwanza, na kushoto kwa mwisho ni hatua ya tatu. Hapo ametembea kweli. Kwa hiyo andika: "Mchezaji akishaumiliki mpira mwendoni, asipige hatua zaidi ya mbili."

Neno "mwendoni" usiliache, kwa sababu aliyepokea mpira amesimama hana hatua mbili. Ana mguu wa egemeo, yaani ule unaobaki mahali pake huku mwingine ukizunguka. Huyu mwandikie sentensi zake, na baada ya "kabla" utumie kikanushi chenye -ja-: "kabla hajainua", wala si "kabla ameinua". Akitaka kudundisha, mpira umtoke mkononi kabla hajainua mguu wa egemeo. Akitaka kurusha au kutoa pasi, anaweza kuuinua, mradi mpira umtoke kabla mguu huo haujarudi sakafuni. Usizibane kanuni hizi mbili katika sentensi moja. Mwanafunzi akizisoma zimechanganyika, ataamini kuwa mguu wa egemeo hauinuliwi kamwe, naye ataogopa hata kuruka kurusha.

Wanaoanza hukosea zaidi ile ya kudundisha: haraka ya kumpita mlinzi huwafanya wainue mguu wa egemeo mpira ukiwa bado mkononi. Waagize hivi: mguu ulio huru na mpira viende pamoja, wa egemeo ufuate mpira ukishatoka.