Kikundi kimesaini, mahindi hayaji: jibu kwa mwalimu wa Manyoni

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa mwalimu mmoja wa Manyoni. Kaanza na shikamoo Madam, kamaliza na "tuwapeleke kwa mtendaji au tuwasamehe?" Katikati ndiko kwenye kisa: kikundi cha wakulima kijijini kwake kilisaini mbele ya kamati ya shule kuleta magunia 40 ya mahindi ya makande. Msimu umekwisha, yameingia tisa.

Marahaba, mwalimu. Usiwapeleke popote. Nikuulize tu: siku waliposaini, mkononi mlikuwa na shilingi ngapi?

Nauliza kwa sababu na mimi niliwahi kushika karatasi yenye madole gumba 22, nikalala usingizi mzito nikidhani kazi imekwisha. Nilikuwa mwalimu wa chakula katika shule moja ya msingi wilayani Kongwa, watoto 400. Gramu 150 za mahindi kwa mtoto ni kilo 60 kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Fanya hesabu: magunia 116 ya kilo mia, na bado hujagusa kunde wala mafuta. Wazazi walichanga debe kwa kaya, lakini hawachangi wote, wewe unajua na mimi najua. Tukapungukiwa magunia zaidi ya 50. Kamati ikakubali tununue kwa wakulima wa palepale, maana ilikuwa aibu kwenda sokoni Kibaigwa kununua mahindi yaliyotoka kwenye mashamba tunayoyaona dirishani. Wazo lilikuwa langu. Nililitetea mpaka sauti ikakauka.

Bei tulipatana Machi. Malipo yangetoka Septemba, michango ya fedha ikishaingia. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mkulima mwenye ekari mbili akivuna ana deni la dukani, ana sare za watoto, ana mgonjwa ndani. Mara Fuso limepaki chini ya mbuyu, mchuuzi ana fedha kwenye mfuko wa rambo. Ndiyo, anapima lumbesa, kila gunia anaondoka na kilo ambazo hakuzilipia. Lakini analipa leo. Mimi nilikuwa na karatasi.

Kwenye semina hupenda kututajia Brazil, kwamba mwaka 2009 walitunga sheria: angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule inunue kwa wakulima wa familia, na baadaye wakaipandisha. Vizuri sana. Hebu soma tena: fedha. Sheria imeanza na fedha.

Basi, walioniletea ni wachache, na kati yao alikuwepo mzee mmoja ninayemheshimu kama baba. Alivuna mapema mwezi Mei ili awe wa kwanza, akaja jioni na mkokoteni wa punda, magunia sita. Nilichota kiganja, nikang'ata punje. Haikulia kaa! kama inavyotakiwa, ilibonyea. Nilijua. Lakini nani amwambie mzee wa namna ile ageuze punda? Nikasema weka tu, baba.

Baada ya wiki tatu nilifungua stoo nikapokelewa na harufu kama ya pombe ya jana. Nikatia mkono ndani ya gunia, lilikuwa na joto kama mkate uliotoka kwenye tanuru, na mkono ukatoka na vumbi la kijani. Nilikuwa nimeyapanga sakafuni bila chaga, yamegusana, kwa hiyo unyevu ulitembea. Magunia 14. Dodoma na Manyara tuliona sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ilivyoua watu mwaka 2016, sikuwa na la kubishana. Tukachimba shimo nyuma ya vyoo, tukafukia. Asubuhi shimo lilikuwa limefukuliwa nusu. Mpaka leo sijui ni nani na sikuuliza. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi wasiyale, na hakuna aliyekubali kwamba anayo.

Kwenye mkutano wa kijiji bwana mmoja akasimama: "Madam amekula. Tazameni mashavu." Watu wakacheka. Mwaka ule nilikonda kilo saba. Mashavu ni ya ukoo wetu.

Mwaka uliofuata sikusainisha mtu. Michango ya fedha tuliikusanya wazazi walipouza alizeti, nayo ikakaa benki ikisubiri mavuno yanayofuata. Tukanunua mzani wa kuning'iniza, tukaufunga kwenye mwembe ambapo kila apitaye anausoma. Siku za kununua zikawa Jumanne na Ijumaa. Ukileta unapimiwa, unalipwa papo hapo, unaweka sahihi. Basi. Ndugu zangu, pimeni! Kilo ikisomwa kwa sauti mbele za watu, hakuna wa kukuita mwizi.

Na kabla ya mzani, chupa. Chukua chupa kavu ya soda, tia chumvi kavu kidogo na mahindi hadi theluthi, tikisa dakika mbili tatu, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, rudi nayo ukaanike. Kiwango kinasema unyevu usizidi asilimia 13.5, lakini mkulima anaiamini chumvi anayoiona kuliko kipimo cha betri ulichokishika wewe. Yule mzee nilimrudisha mara mbili. Mara ya tatu alikuja na chupa yake.

Kunde na mbaazi nunueni pia, mkiloweka usiku kuni hazitawamaliza. Wakulima wetu hawajasahau mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi na bei ikaanguka. Mnunuzi aliye jirani, hata awe mdogo, wanamthamini.

Najua kila mwalimu anayesoma hapa anataka shule yake itajwe vizuri kwenye kikao cha kata. Haitatajwa watoto wakisinzia saa tano. Acheni kukimbilia mihuri na mikataba. Tafuteni fedha kwanza, hata ya magunia kumi, mlipe hayo kumi siku hiyohiyo. Na pimeni.

Julai hii yule bwana wa mashavu alikuwa wa tatu kwenye foleni. Gunia lake lilisoma kilo 96. Akaomba lipimwe tena, likasoma 96. Nilimhesabia fedha zake, akazihesabu mara mbili, akasema asante Madam. Pole sijaisikia bado.