ECG imetoka safi, tuendelee na upasuaji?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, ana presha ya muda mrefu na anatumia atenolol na aspirini ndogo. Amepangiwa upasuaji wa tezi dume kwa ganzi ya mgongo. ECG imetoka safi. Jirani yetu muuza virutubisho anasema aache vidonge vyote wiki mbili kabla, anywe dawa yake ya kusafisha mishipa. Akienda msikitini husimama njiani kuvuta pumzi, lakini mwenyewe anasema ni uzee. Tuendelee?

JIBU: Marahaba. Hilo la kusimama njiani, ulilolitaja mwishoni kama nyongeza, ndilo zito kuliko yote. Msiuachie uzee lawama kabla moyo na mapafu havijachunguzwa.

ECG ya kawaida hurekodi umeme wa moyo kwa sekunde 10 hivi, mgonjwa akiwa amelala ametulia. Mishipa ya moyo inaweza kuwa imeziba kwa kiasi kikubwa na karatasi ikatoka safi, maana moyo uliopumzika hauhitaji damu nyingi. Bado ndugu wananiletea karatasi hiyo kama hati ya kusafiria: muhuri upo, tupisheni!

Mimi ni daktari wa usingizi. Kabla sijaitazama karatasi nauliza: anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama? Usiku analalia mito mingapi? Amewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, au kuwekewa stenti (kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo)? Anachoma insulini? Kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ikoje? Kisha nambonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu na kushikilia kidogo, nione kama shimo linabaki, dalili ya maji kujaa mwilini. Naweka stetoskopu juu ya kifua, kulia kwa mfupa wa katikati, maana valvu ya aota (mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini) iliyosinyaa husikika vizuri hapo, na mvumo wake hupanda hadi shingoni.

Valvu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kwa mzee wako, kwa kuwa watu hudhani hatari iko kwenye nusu kaputi tu. Ganzi ya mgongo hulegeza mishipa ya damu ya sehemu ya chini ya mwili, presha ikashuka. Wengi tunawapandishia presha kwa dripu na dawa. Mwenye valvu iliyosinyaa sana anaweza kuporomoka palepale mezani. Kwa hiyo baba apimwe eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kabla ya tarehe. Sisemi kila mtu apimwe: kijana wa ngiri anayelima kutwa bila kuhema, eko kwake ni kutupa hela.

Sasa huyo jirani. Atenolol ikikatwa ghafla, mapigo na presha hupanda kwa fujo, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba kiasi anaweza kupata shambulio la moyo kabla hata hajafika hospitali. Kwa kawaida tunataka aimeze hata asubuhi ya upasuaji, kwa maji kidogo. Aspirini ni hesabu nyingine: kama ana stenti, asiiache bila daktari wake wa moyo, kama hana, daktari mpasuaji ataamua. Vinavyotakiwa kuachwa wiki mbili kabla ni hivyohivyo virutubisho! Vidonge vya kitunguu saumu na ginkgo huongeza uwezekano wa kuvuja damu, na pakiti nyingi hazisemi ukweli kuhusu kilichomo.

Wako pia wenye mashine ya kushika mkononi, dakika chache inatema kurasa za asilimia za moyo, ini na figo, na dawa ya kila tatizo iko mezani hapohapo. Kiganja hakiwezi kusema valvu imesinyaa kiasi gani. Mgonjwa mwenye ripoti ya namna hiyo huficha kuhema kwake, kwa sababu ameshaambiwa moyo ni mzima, nasi tunakuja kuugundua ugonjwa akiwa tayari chumba cha upasuaji.

Tezi dume isiyo ya dharura inasubiri. Hata mkojo ukiziba, atawekewa mpira wiki kadhaa huku moyo ukichunguzwa.