Chini ya kitanda, na kamba za viatu

*Dada, habari za kazi. Zamani, nikiwa mtoto, niliona filamu kwenye runinga usiku. Familia imehamia nyumba mpya, kisha binti mdogo anaanza kumsikia dada yake aliyekufa akimwita kutoka chini ya kitanda. Nimeitafuta miaka na miaka. Kila ninayemuuliza ananitajia filamu nyingine. Ni ipi hiyo? Na je, ilikuwa inatisha kweli au ni woga wa kitoto tu? — Msomaji wako wa siku nyingi*

Ndugu yangu, kumbukumbu yako ni nzima. Filamu hiyo ni Don't Go to Sleep, iliyorushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 10 Desemba 1982. Mwongozaji ni Richard Lang, mwandishi ni Ned Wynn. Nadhani wengi wanakutajia Poltergeist, na siwalaumu. Zote ni za mwaka huohuo, zote zina familia na watoto wasiolala, na hata mvulana ni yuleyule, Oliver Robins. Ila Poltergeist ilianzia kwenye majumba ya sinema. Hii yako ilitengenezwa kwa ajili ya sebule, na filamu za sebuleni zilikuwa na bahati mbaya: zinarushwa usiku mmoja, pengine zinarudiwa baadaye saa za watu kulala, basi. Ndiyo maana imebaki vichwani mwa watu kama ndoto waliyoota wenyewe. Filamu ya Duel ya mwaka 1971 ilitoka kituo hichohicho, tena na Dennis Weaver huyuhuyu anayecheza baba katika filamu yako, lakini ile iliongozwa na kijana Steven Spielberg, na jina lake liliivuta isizame. Lang hakuwa na jina la namna hiyo.

Kama ilikuwa inatisha? Inatisha mpaka leo, na sababu yake siyo ile uliyoikumbuka.

Wasioiona waruke aya tatu zinazofuata, kwa sababu nitataja siri yake.

Mtoto aliyekufa ni Jennifer, binti mkubwa. Amekufa katika ajali ya gari, na familia inahama ili ianze upya: baba, mama (Valerie Harper), binti mdogo Mary, mvulana Kevin na bibi mzaa mama, anayechezwa na Ruth Gordon. Bibi anamlaumu mkwewe kwa kifo kile. Mama anajitahidi watu wale, wanywe, walale. Mary anasikia sauti usiku, kitanda kinashika moto, na wakubwa wanatafuta maelezo ya mambo yote hayo isipokuwa moja. Itazame tena uhesabu ni mara ngapi mtu anamkalisha Mary chini na kumuuliza anakumbuka nini kuhusu siku ile. Mimi nilihesabu, nikiwa na daftari mapajani. Wanamwambia atulie. Wanamwambia Jennifer hayupo. Ni mpaka mambo yameharibika, bibi amekufa, Kevin ameanguka kutoka juu ya paa, baba naye amekufa, ndipo mtoto anazungumza.

Na anachokisema ni kidogo mno. Siku ya ajali, ndani ya gari, yeye na Kevin walikuwa wamezifunga pamoja kamba za viatu vya dada yao. Mzaha wa watoto. Gari lilipopata ajali, Jennifer hakuweza kutoka.

Hapo ndipo mimi huisimamisha filamu. Fundo lile la kamba linaonekana kwa muda mfupi tu, na ni fundo la kawaida kabisa, la mikono midogo, la kufungwa huku mtu anabana kicheko. Filamu za majumba makubwa mwaka ule zilikuwa na fedha za kuchana kuta na kurusha fanicha. Hii ilikuwa na kamba mbili za viatu. Tukisema Jennifer ni mzimu, sawa, na picha ya mwisho inataka tuamini hivyo. Mimi naiona tofauti: nyumba ile ilimwachia mtoto mdogo siri ya kuua, ikamwambia alale. Umbo la runinga lenyewe linasaidia. Kila baada ya dakika chache ilibidi simulizi ikatwe kupisha matangazo, hivyo kila kipande kinaishia mahali pa hofu, mwanga unazimika, na kipande kinachofuata kinaanza asubuhi watu wakiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenye msiba wanaijua hali hiyo.

*Shangazi, shikamoo. Dada yangu alifariki miezi mitano iliyopita akaniachia mwanawe wa miaka minane. Anaweweseka, anakurupuka karibu kila usiku alfajiri, saa tisa au saa kumi, analia, kisha ananisimulia ndoto ileile: mama yuko ng'ambo ya mlango, yeye hawezi kuufungua. Ndugu wanasema tusimtaje mama mbele yake mpaka asahau. Nifanyeje? — Mama mdogo*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, wewe pia umefiwa, na hukuandika neno hata moja juu yako.

Kwanza saa. Mtoto anayeamka karibu na alfajiri na kuisimulia ndoto yake ana jinamizi la kawaida, kwa sababu usingizi wa ndoto nyingi huja zaidi nusu ya pili ya usiku. Lipo jambo jingine linalofanana nalo, ambalo hutokea saa chache za mwanzo: mtoto anapiga kelele, macho wazi, hakutambui, na asubuhi hakumbuki chochote. Huyo usihangaike kumwamsha, mlinde tu asijiumize. Wako anakumbuka, kwa hiyo mwashie taa na umsikilize.

Kuhusu ushauri wa ndugu, nakusihi usiufuate. Mtaje mama. Tena muulize, mchana, mkiwa mnafanya kitu kingine kwa mikono, anafikiri mama alikufa kwa nini. Usimsahihishe haraka. Watoto wadogo mara nyingi huamini kwamba walisababisha kifo kwa jambo walilolisema au kuliwaza, labda alikasirika siku moja akasema hamtaki mama. Mtoto habebi mzigo huo kwa maneno, anaubeba usiku. Akikuambia, mjibu waziwazi: mama aliugua ugonjwa fulani, au aliumia hivi, na hakuna neno lako lililomfikisha hapo. Utalirudia mara nyingi. Ni sawa.

Ndoto ya mlango nayo mnaweza kuishughulikia. Ipo tiba wanayoitumia wanasaikolojia, ambayo aliyeota huibadilisha ndoto yake akiwa macho, kisha huirudia ile mpya akilini kila siku. Mpe karatasi auchore mlango. Halafu muulize angependa nini kiwe tofauti, na aamue mwenyewe. Usimchagulie wewe mwisho mzuri. Mtoto mmoja ninayemfahamu alichora dirisha kando ya mlango wake, akasema hivyo tu inatosha.

Miezi mitano bado ni karibu. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika mwaka 2022, linataka ipite angalau miezi 6 kabla simanzi haijaitwa ugonjwa. Lakini akiacha kula, akikataa shule, au akisema anataka kumfuata mama, usisubiri miezi wala wiki. Mpeleke kwa mtaalamu wa watoto siku hiyohiyo.

*Je, mtu aliyefiwa atazame filamu za kutisha? — Mjane*

Dada yangu, pole. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi. Niliitazama ile filamu ya swali la kwanza miezi mitatu baada ya kumzika kaka yangu, peke yangu, sauti nimeipunguza ili wengine wasiamke. Kwa wiki nyingi nilikuwa sijalia. Nililia kwenye zile kamba. Kuna simu yake niliyoiacha iite siku mbili kabla hajafa, nikijiambia nitampigia kesho, na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Asubuhi yake nilimwambia mama.

Lakini usiitazame usiku, na usiwe peke yako kama nilivyokuwa mimi.